Kesho Tutaamka Wazima

Jumapili tarehe 28 Septemba 1902, mwandishi Émile Zola na mkewe Alexandrine walirudi Paris kutoka nyumba yao ya shamba huko Médan. Nyumba yao ya mjini, katika mtaa wa Rue de Bruxelles, waliikuta ina baridi na unyevunyevu. Mtumishi akawasha moto wa makaa ya mawe katika chumba cha kulala ili hewa ikauke na kitanda kipate joto. Moto ulisuasua. Haikuonekana kuwa jambo la kutisha, kwani dohani iliyokaa muda bila kupitisha moshi husumbua siku ya kwanza. Usiku ulipoingia wakafunga madirisha, wakatia komeo mlangoni, wakalala.

Komeo hilo lilikuwa na sababu. Januari 1898 Zola alichapisha gazetini barua ya wazi iitwayo "J'accuse", akimtetea Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi Myahudi aliyefungwa kwa uhaini ambao hakuutenda. Tangu hapo alikuwa na maadui wengi, na baadhi yao walimtishia maisha. Mtu wa namna hiyo hujizoeza kulala amejifungia.

Usiku wa manane Alexandrine aliamka kichwa kikimgonga na tumbo likimsokota. Akajikokota hadi msalani, akatapika, akarudi kitandani. Akamkuta mumewe naye hajisikii vizuri, na mbwa wao wako hoi. Akataka kuwaamsha watumishi. Zola akamzuia. Alidhani ni chakula tu kilichowasumbua. Hakuona haja ya kuwakatiza watu usingizi, na kesho wangeamka wazima. Baada ya kitambo akainuka ili afungue dirisha. Hakulifikia. Miguu ilimlegea, akaanguka sakafuni. Mkewe akajaribu kuita msaada, naye fahamu zikampotea.

Asubuhi watumishi walibisha wasijibiwe, wakavunja mlango. Zola alikuwa chini, na madaktari hawakuweza kumrudisha. Alikuwa na umri wa miaka 62. Mkewe alikuwa bado anapumua, akapona, na ni kwa masimulizi yake tunajua yaliyosemwa chumbani usiku ule. Mbwa nao walipona.

Kilichomuua ni gesi ya kaboni monoksidi, iliyotoka kwenye makaa na kukosa njia ya kutokea. Wachunguzi waliwasha tena moto katika chumba kilekile na kuacha humo wanyama wadogo, nao wakanusurika, jambo lililozidisha minong'ono. Mwaka 1953 gazeti moja la Paris lilichapisha madai kwamba fundi wa paa, adui wa siasa za Zola, aliiziba dohani makusudi. Wapo wanaoyaamini madai hayo hadi leo. Kwa funzo ninalolitafuta hapa, ubishi huo hauna uzito. Iwe dohani ilizibwa na masizi au kwa mkono wa mtu, bado palikuwa na dakika ambazo watu wawili walikuwa macho, wanaongea, wanajua kwamba hali si ya kawaida, na komeo liko hatua chache kutoka kitandani. Dakika hizo ndizo zilizoamua, na ziliamuliwa vibaya.

Jambo linalonisumbua zaidi katika kisa hiki ni kwamba Zola hakuwa mjinga wa mambo hayo. Mwaka 1884 alikwenda Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, akashuka mwenyewe katika shimo la makaa ya mawe ili aone maisha ya wachimbaji, na mwaka uliofuata akatoa riwaya yake maarufu ya *Germinal*. Mashimo hayo yalikuwa yakiua watu kwa gesi miaka yote. Zaidi ya hapo, mwaka 1880 alikuwa ametoa insha ndefu akidai kwamba mwandishi wa riwaya afanye kazi kama mwanasayansi, na insha hiyo aliijenga juu ya kitabu cha mwaka 1865 cha Claude Bernard, bingwa wa tiba wa Ufaransa. Ndani ya kitabu hicho Bernard anaeleza jinsi, mnamo mwaka 1846, alivyomvutisha mbwa kaboni monoksidi mpaka akafa, kisha akampasua na kukuta damu yote imekuwa nyekundu angavu, hata ile ya kwenye vena ambayo kwa kawaida huwa nyeusinyeusi. Bernard ndiye aliyeonyesha ulimwengu kwamba gesi hii huua kwa kuifukuza oksijeni kutoka kwenye damu. Zola alikisoma kitabu hicho, akakinukuu, akakitangaza. Miaka ishirini na miwili baadaye gesi ileile ikamkuta kitandani, naye akasema ni tumbo.

Kujua, basi, hakukumsaidia. Sababu yake iko katika kazi ya gesi yenyewe. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Kila pumzi huongeza mzigo, na viungo vinavyohitaji oksijeni nyingi ndivyo vinavyoumia kwanza: moyo na ubongo. Kichwa huuma, mwili hulegea, kichefuchefu huja. Kisha hufika hatua ambayo mtu bado ana macho na ulimi lakini uamuzi wake umekwisha kulegea kama wa mlevi. Hukosa haraka. Huona uvivu wa kuinuka. Hujipatia sababu ndogondogo za kubaki pale alipo, na kila sababu humtosheleza. Akipata mwanga wa kuelewa, magoti hayamtii tena. Akili anayoitegemea mtu kujiokoa ndiyo inayoibwa mwanzo kabisa, na mwizi huyu hatoi sauti.

Ndiyo maana siamini sana katika ushauri wa "kuwa makini" peke yake. Mtu aliyelala hawezi kuwa makini, na aliyekwisha vuta gesi hata akiamka umakini wake hauaminiki. Panatakiwa kitu kilicho nje ya mwili wake, kisicho na damu ya kuibiwa, kiseme kwa niaba yake. Wachimba makaa wa Uingereza walilielewa hilo mapema. John Scott Haldane, mwanasayansi Mskoti aliyekuwa akijivutisha gesi hii maabarani ili aandike inavyomfanya, alipendekeza katika miaka ya 1890 kwamba wachimbaji na waokoaji washuke na wanyama wadogo. Ndipo kanari, ndege mdogo wa jamii ya chiriku, akawa mwenzi wa wachimbaji shimoni. Anapumua kasi, kwa hiyo gesi humfikia mapema kuliko binadamu. Akiyumba kwenye kijiti chake, watu walitoka; hakuna aliyekaa kujadiliana kama ndege amekula kitu kibaya. Kanari walitumika katika mashimo ya Uingereza hadi mwaka 1986 walipoondolewa na kupisha vifaa vya umeme. Kitambuzi cha kaboni monoksidi cha nyumbani ni mrithi wa ndege huyo.

Sasa tuje kwetu. Kila kipupwe, Juni hadi Agosti, baridi inaposhuka Makete, Njombe, Mufindi, Rungwe na Lushoto, au Limuru, Kinangop na Molo upande wa Kenya, habari hii hurudi magazetini kwa maneno yanayofanana: familia imekutwa imekufa chumbani, jiko la mkaa likiwa katikati. Mlinzi katika kibanda chake cha bati. Wanafunzi waliopanga chumba kimoja. Mama aliyetoka kujifungua, aliyewekewa jiko karibu na kitanda ili yeye na mtoto mchanga wapate joto, kwa mapenzi matupu ya waliomwekea. Hao wa mwisho wananiuma kuliko wote, kwa sababu mtoto mchanga hupumua haraka na hana namna ya kusema kichwa kinamuuma.

Yapo makosa yaliyozoeleka mpaka yakaonekana kuwa ni busara. La kwanza ni kusubiri moshi ukatike. Watu wengi hawaingizi jiko chumbani likiwa linafuka. Wanaliacha uani, wanalipepea, makaa yakishakolea na kuwa mekundu bila moshi, wanaliingiza wakiamini sumu imebaki nje. Kilichobaki nje ni onyo. Moshi ule wa mwanzo huwasha macho na kuleta kikohozi, kwa hiyo humfukuza mtu. Makaa mekundu hayawashi macho ya mtu, lakini ndani ya jiko hewa inayopita chini huungua, kisha hupanda kupitia makaa ya moto yenye hewa chache, na huko hugeuka kaboni monoksidi kwa wingi. Majivu yakishalifunika jiko na joto likawa la upole, likawa zuri la kulalia, bado linatoa. Bakuli la maji pembeni halisaidii, kwani gesi hii haiyeyuki majini ila kidogo mno. Dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa vidole viwili si ulinzi wa kuwekea roho za watoto. Upepo ukigeuka au ukitulia, hesabu yote inabadilika.

Kosa la pili ni la utambuzi. Kichwa kinauma, mwili umelegea, mtu anatapika: kwetu jibu la haraka ni malaria, au chakula. Zola naye alisema chakula. Lakini sumu hii haileti homa. Huwashika watu wa nyumba moja kwa pamoja, na mara nyingi paka au kuku wa ndani pia. Tena mtu akitoka nje hupata nafuu, akirudi ndani hali humrudia. Ukiona watu wawili chini ya paa moja wameanza kuumwa kichwa usiku mmoja, na kuna kitu kinachowaka ndani, usitafute kipimo cha malaria kwanza. Toka nje.

Wasomaji wetu walioko ughaibuni wasidhani wamekwepa kwa sababu hawana jiko la mkaa. Februari 2021 baridi isiyo ya kawaida iliipiga Texas, umeme ukakatika katika mamilioni ya nyumba. Katika jiji la Houston na kwingineko watu waliingiza ndani majiko ya kuchomea nyama, wengine wakakaa ndani ya magari yanayounguruma huku banda la gari limeungana na nyumba, wengine wakawasha jenereta karibu na dirisha. Zaidi ya watu elfu moja walikimbilia hospitali kwa sumu hii, na zaidi ya kumi walikufa. Texas wakati huo haikuwa na sheria ya jimbo zima iliyodai kila nyumba iwe na kitambuzi. Hata katika miaka ya kawaida, gesi hii huua zaidi ya watu 400 kwa mwaka nchini Marekani, mbali na wanaokufa katika nyumba zilizoungua. Wala cheo hakiizuii: Februari 2005 Waziri Mkuu wa Georgia, Zurab Zhvania, alikutwa amekufa katika fleti mjini Tbilisi, na uchunguzi rasmi ukataja hita ya gesi.

Tena huenda moto usiwe wako. Vitas Gerulaitis, mchezaji tenisi maarufu wa Marekani, alikufa mwaka 1994 akiwa amelala katika nyumba ya wageni ya rafiki yake, kwa gesi iliyotoka kwenye hita ya bwawa la kuogelea iliyofungwa vibaya. Yeye hakuwasha kitu. Jenereta ya duka la chini, boila ya jirani, hita ya maji ya gesi iliyofungwa bafuni bila bomba la kutolea hewa: hivyo vyote vinaweza kumfikia aliyelala bila kosa lolote. Kwa mtu kama huyo, tahadhari ya kutoingiza jiko haimfai kitu. Kinachomfaa ni kitambuzi.

Katika kukinunua, jambo la kwanza ni kuhakikisha unanunua kitu chenyewe. King'ora cha moshi hakitambui kaboni monoksidi. Kile kinachouzwa kwa ajili ya mtungi wa gesi ya kupikia nacho ni kingine kabisa: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na kifaa chake hufungwa chini karibu na sakafu, ilhali kaboni monoksidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa na huchanganyika nayo chumbani kote. Wauzaji wengi huita vyote "kifaa cha gesi", na mnunuzi huondoka dukani akiamini amekingwa. Soma boksi. Liwe limeandikwa CO, si CO2, na liwe na alama ya kiwango kinachotambulika: EN 50291 kwa vya Ulaya, UL 2034 kwa vya Marekani. Vidude visivyo na alama yoyote, vilivyojaa katika masoko ya mtandaoni kwa bei chee, mimi nisingemlaza mtoto chini yake. Zipo pia kadi ndogo zenye doa linalobadilika rangi gesi ikizidi. Ziacheni. Kadi haiamshi mtu usingizini.

Angalia tarehe. Ndani ya kitambuzi kizuri kuna kihisi chenye kemikali, na kemikali hizo huchoka hata kifaa kisipotumika. Umri wake ni kati ya miaka 5 na 10, na tarehe ya kukibadilisha huandikwa ubavuni au nyuma. Kitambuzi kilichopita tarehe huweza kuwaka taa yake ya kijani kila siku bila kuwa na uwezo wa kunusa chochote. Kwa hiyo cha mtumba, au alichokuachia mpangaji aliyehama, kisome kabla ya kukishukuru. Cha betri iliyofungiwa ndani kwa miaka 7 au 10 nakipendelea kwa nyumba nyingi, kwa sababu hakitegemei umeme wa ukutani na hakuna wa kukichomoa betri ili aweke kwenye rimoti ya televisheni.

Kama mfuko unaruhusu, chukua chenye kioo kinachoonyesha namba. Namba hizo ni kipimo cha sehemu za gesi katika sehemu milioni za hewa. Wengi hawajui kwamba kitambuzi kimewekwa kisipige mara moja gesi ikiwa kidogo. Kile cha kiwango cha Ulaya, gesi ikifika 50, hupiga baada ya dakika 60 hadi 90. Ikifika 100, baada ya dakika 10 hadi 40. Ikifika 300, ndani ya dakika 3. Cha Marekani huanza kupiga kuanzia 70, baada ya saa 1 hadi 4. Mpangilio huo huzuia kelele zisizo na sababu, na kwa mtu mzima mwenye afya unatosha kumtoa akiwa hai. Lakini mjamzito, ambaye damu ya mtoto aliye tumboni huishikilia gesi hii kwa nguvu zaidi, na mgonjwa wa moyo, na mtoto mdogo, wanaweza kudhurika kwa kiasi cha chini ya hapo. Kwenye nyumba ya watu hao, namba inayoonekana kwenye kioo ina thamani kubwa: ukiiona imepanda juu ya sifuri na inaendelea kupanda, usisubiri mlio.

Mahali pa kukiweka ni pale kitakapomwamsha aliyelala. Ukiwa na kimoja tu, kifunge karibu na vyumba vya kulala. Ukiweza kuwa na viwili, cha pili kiwe katika chumba chenye moto wenyewe, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye boila au hita, juu ukutani. Chumbani kwenye kitanda kinaweza kukaa kwenye urefu wa mto wa kichwa. Kisifichwe nyuma ya pazia au kabatini, kisiwekwe mkabala na feni au dirisha, wala bafuni kwenye mvuke, wala juu kabisa ya jiko la kupikia. Na dawa ya mbu ya kupulizia isielekezwe kwake, kwani mvuke wa dawa na wa rangi huharibu kihisi. Mara moja kwa mwezi bonyeza kitufe cha kujaribia. Mazoea haya ni madogo, na ndiyo yanayoachwa haraka kuliko yote.

Kisha mfundishe kila mtu wa nyumba kutofautisha sauti. Mlio mmoja mfupi unaorudi kila nusu dakika au dakika moja ni betri kwisha au kifaa kuzeeka. Mlio wa hatari ni mkali na haukomi. Katika vile vya Marekani na Kanada hupiga mara nne, hunyamaza kidogo, hupiga tena mara nne. Watu wengi wameamka kwa sauti hiyo, wakapanda kiti, wakakichomoa betri, wakarudi kulala, wakijiambia kimeharibika. Huko ni kurudia usiku wa Rue de Bruxelles ukiwa na faida ambayo Zola hakuwa nayo. Uamuzi wa kukitii lazima ufanyike mchana, watu wakiwa wazima, ili usiku usiwepo mjadala: kikipiga, tunatoka. Anayelala karibu na mlango anaufungua, wakubwa wanabeba watoto, mnahesabiana nje. Hakuna kurudi kutafuta simu. Hakuna kubaki ndani kuzima jiko. Ukiwa Marekani piga 911; Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Msiingie tena kwa kuwa mlio umekoma, maana huenda umekoma kwa sababu tu mlifungua mlango.

Hospitali mwambie mganga kwa maneno yaliyo wazi: tulikuwa na kitu kinachowaka ndani. Usipomwambia, anaweza kupotea. Kile kidude cha kubana kidoleni kupimia oksijeni, ambacho nyumba nyingi zilinunua wakati wa korona, hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Kitaonyesha 98 au 99 kwa mtu anayekaribia kufa. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu, na tiba ni oksijeni safi kwa barakoa, ianze bila kusubiri. Kwa hewa ya kawaida mwili huhitaji kama saa 4 hadi 6 kupunguza nusu ya gesi iliyoshika damu. Kwa oksijeni safi hushuka hadi saa moja na nusu hivi. Na aliyepona arudi kuangaliwa, kwa sababu baadhi ya watu husahausahau au hubadilika tabia wiki kadhaa baadaye.

Nataka pia nieleweke katika jambo moja. Kitambuzi si kibali cha kulala na jiko. Mkaa chumbani ni marufuku, kiwepo kifaa kisiwepo. Hakuna namba ya kioo inayoweza kuhalalisha hilo. Anayehisi baridi aongeze blanketi, ajaze maji ya moto kwenye chupa aizungushie kitambaa na kuiweka miguuni, alale na wenzake. Mama mzazi na mtoto wake wapewe nguo, joto la mwili na chai ya moto iliyochemshwa nje. Kitambuzi ni kwa ajili ya hatari usiyoijua: bomba lililoziba, hita iliyochoka, jenereta ya mwingine.

Uingereza wameacha kuliona hili kuwa hiari ya mtu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 sheria ya huko England inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke kitambuzi katika kila chumba chenye kifaa cha kudumu kinachounguza mafuta au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Mwanafunzi au mfanyakazi wa kwetu aliyepanga huko anayo haki ya kukidai, na akidai haombi fadhila. Kwetu, katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, ukikiulizia utaletewa king'ora cha moshi. Wenye nyumba za kupangisha na za wageni katika mikoa ya baridi wangeweza kuanza wao, bila kungoja sheria, kwa kuviagiza kama wanavyoagiza hita zenyewe.

Na ninyi ndugu mlioko Uingereza, Marekani na Kanada, mnaojaza maboksi ya nguo na simu kuwatumia wazazi Njombe na Limuru: kitambuzi kizuri huko kinauzwa takriban pauni 15 hadi 25. Wekeni kimoja kwenye boksi lijalo, chenye betri ya miaka mingi na tarehe iliyo mbali. Kisha pigeni simu, mwelezeni mama kwa sauti yenu wenyewe mlio wake ukoje na kwamba akiusikia atoke nje hapohapo, hata kama ni saa nane usiku na anajisikia mzima.